Tangi kubwa haliongezi presha

Shawa inadondosha maji kinyonge, na fundi anamwambia mwenye nyumba anunue tangi la lita 5,000 kwa kuwa la lita 1,000 ni dogo. Ushauri huu unaniudhi sana. Hela inatoka, maji yanabaki vilevile.

Presha haitokani na lita. Inatokana na kimo, kuanzia usawa wa maji ndani ya tangi hadi tundu yanapotokea. Kila mita 1 ni takriban baa 0.1 (baa ni kipimo cha presha). Usawa ukiwa uleule, lita 1,000 na lita 5,000 zinasukuma sawasawa.

Tuseme kitako cha tangi kiko mita 3 juu ya sakafu, shawa iko mita 2, na tangini mna maji ya kina cha mita 1. Shawa inapata kimo cha mita 2, yaani baa 0.2. Maji yakibaki sentimita 20, inapata baa 0.12, ndiyo maana jioni yanalegea. Pandisha mnara mita 2 zaidi, presha ya tangi lililojaa inakuwa maradufu. Ila mnara uwe imara, maana lita 1,000 ni tani nzima. Na tangi la plastiki likae juu ya sakafu bapa, kitako chote. Likiwekwa juu ya vyuma vyenye mapengo, kitako hubonyea hadi kupasuka, kwa kuwa presha kali zaidi iko huko chini.

Haya, tangi pana lina faida: akiba siku za mgao, na usawa wake haushuki haraka. Basi.

Kabla ya kununua chochote, funga geji ya kupimia presha kwenye koki ya bafuni. Iwe ya kuishia baa 1. Kwenye ile ya baa 10 mshale hautatikisika. Fungua koki hiyo yenye geji; nyingine zote zikiwa zimefungwa, geji inakusomea kimo. Fungua koki ya pili. Mshale ukianguka sana, bomba ni jembamba au valvu haijafunguka yote. Ukibaki palepale na shawa bado inadondosha, safisha kichwa chake. Toka tangini na bomba la inchi 1 au robo tatu, nusu inchi iingie mwishoni tu.

Bomba lisipande na kushuka njiani. Kwenye nundu hukwama hewa, na kimo cha mita 2 mara nyingi hakitoshi kuisukuma. Baada ya valvu ya tangi, weka kibomba cha kupumulia kilicho wazi juu, kipite usawa wa tangi lililojaa.