"Acha mawazo" haijawahi kumtuliza mtu

Marejesho ya kikoba ni kesho, aliyekopa mzigo hapokei simu, viazi shambani vimepigwa ukungu. Mtu wa namna hiyo akifungua mdomo pale sokoni Mwanjelwa, hapa Mbeya, ushauri wa kwanza atakaopewa ni "acha mawazo, ndugu yangu." Nia ni njema, ila mawazo hayaachwi kwa amri. Moyo ukishaanza kwenda mbio, mabega yakapanda na pumzi ikawa fupi, kichwa kinazichukua dalili hizo kama ushahidi kwamba hatari ipo kweli, kinazidi kuwaza. Msimamo wangu ni huu: tuliza mwili kwanza, maongezi na mipango vije baadaye.

Anza na pumzi, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mtu anaambiwa "vuta pumzi ndefu", basi anavuta kwa nguvu mara kumi mfululizo mpaka kizunguzungu kinampata na vidole vinaanza kufa ganzi. Ametoa hewa ya kabonidioksidi nyingi kuliko inavyotakiwa, na sasa ana hofu mpya juu ya ile ya zamani. Kinachotuliza zaidi ni kule kutoa pumzi, maana mapigo ya moyo hupungua kidogo kila unapoitoa. Kaa, nyayo zikanyage chini, mkono mmoja kifuani na mwingine tumboni. Vuta kwa pua taratibu ukihesabu hadi 4. Mkono wa tumboni ndio uinuke, wa kifuani utulie. Toa kwa midomo iliyobanwa, kama unapuliza chai ya moto, ukihesabu hadi 6. Ukihesabu kwa mwendo wa sekunde, hizo ni pumzi 6 kwa dakika. Fanya dakika 5. Hesabu ikikubana, shuka hadi 3 kwa 4, usishindane nayo. Dakika mbili za mwanzo huwa hazionyeshi kitu, na hapo ndipo wengi huacha wakisema haifanyi kazi. Bodaboda anaweza kuifanya kijiweni akisubiri abiria, macho wazi, bila mtu kujua.

Mwenzake wa pumzi ni kukaza na kulegeza misuli, njia iliyoenezwa na daktari wa Marekani, Edmund Jacobson, karne iliyopita. Kunja ngumi kwa sekunde 5, kisha achia ghafla na ukae sekunde 20 ukisikiliza tofauti. Pandisha mabega hadi karibu na masikio, achia. Taya, tumbo, mapaja, vivyo hivyo. Kwenye miguu vuta vidole kuelekea usoni. Ukivisukuma chini, msuli wa nyuma ya mguu hubana na utaruka kwa maumivu. Kwa mama lishe aliyeinamia sufuria tangu alfajiri, mabega peke yake yanatosha.

Sasa baridi yetu. Juni na Julai, kuanzia Mbeya hadi Njombe na Mafinga, watu hujifungia ndani na jiko la mkaa. Asubuhi kichwa kinagonga, kichefuchefu, mwili umelegea, na mtu anasema ni mawazo. Inaweza kuwa sumu ya hewa ya mkaa, ambayo haina harufu na inaua. Jiko likae nje, kabisa. Ukitaka joto la kukulaza, jaza beseni maji ya vuguvugu yanayofika vifundoni, yapime kwa kiwiko si kwa nyayo zilizokufa ganzi, loweka dakika 15 hadi 20, jikaushe, vaa soksi, panda kitandani. Miguu ikipata joto mishipa hutanuka, mwili unapoteza joto la ndani, usingizi unakuja. Mwenye kisukari ampe mtu mwingine ayapime maji hayo.

Chai ya rangi tunaisingizia wema mwingi. Kafeini huchukua takribani saa 5 kupungua nusu, kwa hiyo kikombe cha saa 11 jioni bado kina nusu yake mwilini saa 4 usiku. Kahawa ni zaidi. Ulanzi, pombe ya mianzi, nao utakulaza haraka, kisha utakuamsha usiku wa manane.

Kuna msongo usiotaka pumzi wala beseni, nao ni wa deni. Mkopo wa kausha damu, ule wa riba ya kuumiza, hautulizwi kwa kupumua. Chukua daftari saa 1 jioni, si kitandani, weka dakika 15 tu. Andika kila deni: kiasi, tarehe, unayemdai au anayekudai, na hatua moja ya kesho. Kupiga simu kabla ya tarehe ya marejesho kunavunja hofu kuliko kukimbia baada yake. Dakika zikiisha, funga daftari. Wazo likirudi usiku, liambie nafasi yake ni kesho saa 1.

Usingizi ukikukimbia wiki mbili mfululizo, au ukaanza kuona bora usingekuwepo, hapo hizi mbinu za nyumbani haziwezi. Hilo wazo la pili halisubiri wiki mbili. Mwambie mtu wa karibu na nendeni hospitali siku hiyohiyo. Ukifika, usimwambie daktari "nina stresi tu". Mwambie unalala saa ngapi, umeacha kula nini, ni lini ilianza, na kama umewahi kuwaza kujidhuru.