Kumkemea wa Kwenu: Tutu na Tairi la Duduza

Julai 10, 1985, kwenye mazishi huko Duduza, mashariki ya Johannesburg, waombolezaji walimkamata mtu waliyemshuku kuwa mpelelezi wa polisi. Gari lake lilikuwa limeshapinduliwa na kuwashwa moto, na aliyebaki ni yeye. Askofu Desmond Tutu, na kimo chake kile kifupi, alijipenyeza katikati ya umati pamoja na askofu mwenzake Simeon Nkoane. Wakamchomoa yule mtu na kumpakia kwenye gari, akaondolewa. Vijana walikasirika: huyu askofu ni wa kwetu au wa polisi?

Swali hilo lilikuwa na jibu. Mwaka uliotangulia Tutu alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani kwa kuupinga utawala wa makaburu. Ndiyo maana kemeo lake liliuma. Waziri wa P. W. Botha, rais wa makaburu, angeweza kusema maneno yaleyale kuhusu kuwavisha watu tairi na kuwachoma, na Duduza nzima ingesonya. Baadaye mwezi huohuo, kwenye mazishi mengine katika kitongoji cha KwaThema, Tutu alitishia kufunga virago na kuihama nchi kama mambo hayo yangeendelea.

Waliomlaumu walikuwa na hoja, na haikuwa ya kijinga. Polisi walikuwa wakiua, wapelelezi wakiwauza jirani zao, na kumsema kijana wa kwenu hadharani ilikuwa kumpa adui fimbo ya kukuchapia. Oliver Tambo, akiiongoza ANC, chama cha ukombozi, kutoka uhamishoni, alisema mwaka 1986 kwamba hawafurahishwi na mambo ya tairi, lakini hawatawalaani watu waliosukumwa mpaka kufika hapo. Ni lugha ya baba mwenye nyumba: mtoto kakosea, ila aliyemchokoza ni nani?

Ningeshawishika, isingekuwa kisa cha Maki Skosana. Alichomwa papo hapo Duduza, Julai 20, siku kumi tu baada ya Tutu kumwokoa yule mwingine. Kabla ya hapo vijana walikuwa wamegawiwa mabomu ya mkono yaliyotegwa, yakawalipukia wenyewe, na umma ukaamini kwamba Maki alihusika. Hakuhusika. Aliyeyagawa alikuwa mtu wa kikosi cha siri cha serikali aliyejifanya mwanaharakati. Picha za kifo cha Maki zikarushwa kwenye televisheni, na siku hiyohiyo aliyouawa Botha akatangaza hali ya hatari. Sasa niambieni, fimbo aliipata wapi? Kwenye kemeo la askofu, au kwenye tairi lenyewe?

Hata hivyo sitaki kumfanya Tutu kipimo cha kila mtu. Alikuwa na joho, Nobel na magazeti ya dunia nyuma yake. Kijana wa kawaida ambaye angesimama siku ile na kusema "mwacheni" huenda angevishwa tairi yeye. Na hata huku kwetu kusikochomwa mtu, gharama ipo. Kwenye kundi moja la WhatsApp la chama ninachokipenda, kijana aliandika kwamba wapinzani wa jimbo fulani "wachomewe nyumba tu, watanyooka." Zikamiminika emoji za kucheka. Mzee mmoja, mwenye kadi ya chama kabla hatujazaliwa, akaandika, "Hapana wanangu, hilo silo." Dakika tano hazikupita, kaitwa mamluki. Kufika magharibi alikuwa ametolewa kwenye kundi. Mimi nilisoma yote, sikuandika neno. Ndiyo maana naona mzigo huu ni wa viongozi wakubwa kwanza. Wao hawatolewi na admini.

Wala kukemea si dawa ya papo kwa papo. Februari 25, 1990, wiki mbili baada ya kutoka gerezani, Nelson Mandela aliwaambia wafuasi wake Durban wachukue bunduki, visu na mapanga yao wakavitupe baharini. Wengi hawakupendezwa, na mauaji ya Natal, jimbo la Durban, yaliendelea kwa miaka. Lakini baada ya siku ile hakuna aliyeweza kuua akidai ametumwa na Mandela.

Jaribio kubwa zaidi lilikuja Oktoba 1998. Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyochunguza ukatili wa enzi za makaburu chini ya Tutu, iliandika pia mateso ya kambi za ANC na mabomu yake yaliyoua raia. ANC ikakimbilia mahakamani kuizuia ripoti, ikashindwa. De Klerk, rais wa mwisho wa makaburu, naye alikwenda mahakamani, na sehemu iliyomhusu ikachapwa imepakwa wino mweusi. Oktoba 29, Pretoria, Tutu alimkabidhi Mandela ripoti ambayo chama cha Mandela mwenyewe hakikuitaka. Mandela akaipokea kama ilivyo, pamoja na kasoro zake.