Waziri Mkuu Mwenye Meno: Tuanzie Ibara Ipi?

Kila mjadala wa Katiba mpya unapopamba moto kwenye vijiwe vya kahawa Kariakoo, hakosi wa kusema: Waziri Mkuu apewe meno, kama India. Hoja ina uzito, ila vyeo hivi viwili vimefanana jina tu.

Katika jamhuri ya kibunge Rais ni alama ya taifa; serikali ni ya Waziri Mkuu, naye hukaa madarakani maadamu wabunge wengi wako naye. Aprili 1999 chama mshirika kilimtoroka Waziri Mkuu Atal Bihari Vajpayee wa India. Kura za imani zikawa 269 kwa 270. Kwa kura moja serikali ikaanguka, nchi ikarudi kwenye uchaguzi.

Kwetu Tanzania Rais humteua Waziri Mkuu ndani ya siku 14 baada ya kuapishwa, kutoka miongoni mwa wabunge wa majimbo, na Bunge humthibitisha. Ibara ya 52 inamkabidhi shughuli za serikali za siku hadi siku. Ya 53 inamfanya awajibike kwa Rais. Ndiyo maana kwenye maswali ya papo kwa papo ya Alhamisi, anayeulizwa mara nyingi siye aliyeamua, na aliyeamua hayumo ukumbini. Hili ndilo doa kubwa la mfumo wetu. Waziri Mkuu Edward Lowassa alipojiuzulu Februari 2008 kwa sakata la mkataba wa umeme wa Richmond, Baraza zima la Mawaziri lilivunjika, lakini Rais alibaki palepale na kuunda jingine.

Wanaoutetea mfumo huu wanataja utulivu, na hawakosei. Italia imebadilisha serikali zaidi ya mara 60 tangu 1946. Mipango ya miaka mitano haiwezi kuhimili hali hiyo. Ujerumani ilipata dawa ambayo naiona bora: Bunge halimwondoi Chansela, yaani mkuu wa serikali, mpaka limchague mrithi wake kwa kura hiyohiyo. Ndivyo Helmut Kohl alivyochukua nafasi ya Helmut Schmidt tarehe 1 Oktoba 1982.

Je, tuinakili? Ibara yetu ya 53A tayari inaruhusu kura ya kutokuwa na imani: saini za wabunge wasiopungua asilimia 20, taarifa kwa Spika siku 14 kabla, miezi sita iwe imepita tangu uteuzi, kisha kura za zaidi ya nusu ya wabunge wote. Mwaka 2012 saini zilikusanywa dhidi ya Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda. Hoja haikufika kwenye kura.

Kikwazo kikubwa kiko ibara ya 71. Mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama chake, kiti kimekwenda. Kwa mbunge wa chama tawala, kalamu ya kusaini hoja hiyo inaweza kumgharimu jimbo. Mjerumani akifukuzwa na chama hubaki bungeni. Kwa hiyo wanaotaka Waziri Mkuu anayeliogopa Bunge waanze na ibara ya 71, ndipo waje 53A.