Tuacheni kushindania wati, tuongelee joto la mota

Siku hizi ukiulizia pikipiki ya umeme cha kwanza muuzaji atakutajia wati, hii 2000, ile 3000, na sisi wateja tunashangilia tu. Mi naona tunapigwa hapo. Wati anazotaja mara nyingi ni zile za kilele, ambazo mota inazimudu kwa muda mfupi, wakati bodaboda anashinda barabarani toka alfajiri. Mota ya biashara inauliwa na joto, kwahiyo cha kuuliza ni joto linatokaje mle ndani.

Chukua ile mota inayokaa ndani ya rimu la nyuma. Haina cheni, haina gia, kimya kabisa, na kwa mitaa tambarare ya Dar inatosha. Shida uje mlima. Inazunguka sawasawa na tairi, so ukipandisha Lushoto au Mbeya umepiga mishkaki, mota inajikokota huku inavuta umeme mwingi kupita kiasi, na umeme ukiongezeka mara mbili joto kwenye waya za shaba linapanda mara nne. Mara nne jamani! Na hizo waya ziko katikati kabisa, upepo unapiga tu ganda la nje lenye sumaku, kati ya ganda na waya kuna mwanya wa hewa iliyofungiwa ambayo haipitishi joto vizuri.

Nimeiona moja imefunguliwa kwa fundi, shaba nyeusi tii, vanishi inayokinga waya inabanduka kama ganda la muhogo wa kuchoma, sumaku mbili zimeachia gundi, na zile sensa ndogo tatu zinazoijulisha kontrola (kile kifaa kinachoipimia mota umeme) sumaku zimefika wapi zote zimekufa. Kusuka waya upya inawezekana, ila sumaku ikishaungua ndo basi, sumaku ya neodimia ya daraja la kawaida ikizidi nyuzi joto 80 inaanza kupoteza nguvu na hairudishi hata ikipoa. Zinazovumilia zaidi zinachanganywa na disprosiamu, madini adimu, na China ilibana kuiuza nje toka Aprili 2025, hadi viwanda vya pikipiki India vikahaha.

Ndo maana mi niko upande wa mota ya katikati, inayofungwa kwenye fremu na kuvuta tairi kwa cheni au mkanda. Sproketi ya nyuma ikiwa na meno mara nne ya ile ya mbele, mota inazunguka haraka na inahitaji robo tu ya nguvu ya kusokota, umeme unashuka, joto linashuka, na mwili wake unagusana na upepo na fremu. Cheni inalika ndio, inataka oili, lakini boda gani hajui kukaza cheni? Halafu pancha! Tairi linatoka kama la pikipiki ya kawaida, hakuna kuhangaika na mawaya manene yanayopita kwenye ekseli, ambayo kijana wa pancha akiyavuta vibaya ushaumia.

Na kwa wenye mota ya rimu tayari, kuna mafuta maalumu yenye chembe ndogo mno zinazovutwa na sumaku, yanawekwa kidogo tu, sumaku zinayashikilia palepale kwenye ule mwanya wa hewa na joto linapata njia ya kutoka nje.

Wauzaji, mi nataka kwenye karatasi ya mauzo muandike wati ambazo mota inabeba mfululizo, kama ina sensa ya joto, na kama kontrola inapunguza nguvu yenyewe kabla shaba haijaungua. Bila hivyo hela yangu sitoi.