Talaka kwa Karatasi ya Maabara

"Shemeji, hebu sema kweli. Gonjwa hili umelitoa wapi?"

Swali hilo ameulizwa bibi mwenye wajukuu, kwenye kikao cha ukoo cha kuamua talaka yake, Majengo, nami nimekaa pembeni na kikombe cha kahawa nimeshindwa kumeza. Kosa lake ni karatasi ya maabara: homa ya ini C, amepatikana nayo. Mumewe naye kapimwa, hana. Basi kesi imekwisha, mke amezini!

Jamani. Hawa wawili wanalala kitanda kimoja tangu enzi za Moi. Kama kitanda ndiyo njia yake, mbona mzee hana? Watu wazima wanane na kofia zao, hakuna hata mmoja aliyeliona hilo.

Kirusi hiki safari yake ni ya damu. Marekani wamewahi kuchunguza jozi 500 za mume na mke, mmoja anacho kirusi hiki lakini hana VVU, matokeo yakatoka 2013: makadirio ni maambukizi moja kwa kila tendo la ndoa 190,000 hivi. Wazee wangu, kama nguvu hizo mnazo, hongereni.

Nikamuuliza bibi kama amewahi kuongezwa damu. Akasema ndiyo, 1988, alipojifungua kitindamimba. Kirusi kilitambuliwa 1989! Nani angeipima damu ile? Siapi kwamba ndiko alikokipata, lakini ugonjwa huu unaweza kukaa kimya miongo mitatu huku unaila ini. Misri walichomwa sindano za kichocho kijiji kwa kijiji, toka miaka ya hamsini mpaka ya themanini, sindano zenyewe zikirudiwa, na watu wengi mno wakaambukizwa kwa njia ya matibabu. Na hao nao walikuwa wahuni?

Hapa Mombasa tunajua vijana wetu wa maskani wanavyopokezana bomba la sindano la kujidunga unga. Hiyo ndiyo njia kubwa, na ndiyo hatutaki kuitaja kikaoni kwa sababu kila ukoo una wake. Wembe wa kinyozi, sindano ya kutogea masikio, tatuu za mtaani, twende tu.

Haya, nakubali, kwa shingo upande: kwa tendo la ndoa hatari si sufuri. Pakiwa na damu, vidonda au hedhi inapanda, na wanaume wanaolalana, hasa mwenye VVU, wanaambukizana zaidi. Kondomu ipo. Homa ya ini B ndiyo inayopita kitandani kwa wepesi, nayo ina chanjo, C haina.

Lakini kumtengea bibi sahani na kikombe! Kirusi hiki hakiambukizi kwa chakula wala kwa kumkumbatia mjukuu.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba karatasi yenyewe ilikuwa ya kipimo cha kwanza, kile cha kingamwili, yaani askari wa mwili wa kupigana na kirusi. Kinasema tu mwili umewahi kukutana na kirusi. Watu kama watatu katika kila kumi hukifukuza wenyewe, na kingamwili inabaki. Lazima kipimo cha pili, cha kutafuta kirusi chenyewe. Kikiwepo, kuna vidonge, kwa kawaida wiki 12, na zaidi ya asilimia 95 hupona kabisa. Nilipouliza kipimo hicho kitafanywa lini, mwenyekiti akanijibu tusitoke nje ya ajenda.