Guangzhou Imeninyang'anya Hesabu

Mimi shule ya hesabu nimesomea Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Dazeni tatu za soksi, toa nauli, toa ushuru, toa ya yule kijana aliyebeba mzigo, nakutajia faida yako kabla hujafunga mdomo. Tena bila kikokotoo, na huku jicho moja linamwangalia mgambo.

Sasa huu ni mwaka wa pili niko Guangzhou, huku China, mtaa wa Xiaobei, nafuata viatu. Nakuapieni jamani, siwezi tena kuhesabu hata vidole vyangu.

Anza na pale ninapolala. Mwenye nyumba alinipangisha ghorofa ya 18. Nikapiga picha dirishani, nikatuma nyumbani, watu wakaandika "Mashallah, unaishi mawinguni." Siku moja lifti ikagoma. Nikapanda ngazi na mfuko wa mchele begani, nahesabu kwa uchungu. Kutoka ya 3 nikatokea ya 5. Nikasema labda ni kizunguzungu. Kutoka ya 12 nikatokea ya 15! Nikaweka mchele chini, nikakaa juu yake, nikatafakari.

Kumbe nne kwa Kichina sauti yake inakaribiana na neno la kufa, kwa hiyo mwenye jengo kaifuta. 14 nayo kaifuta kwa sababu ina nne mkiani. 13 kaazima nuksi yake kwa Wazungu. Halafu pale chini kabisa, kwenye kiti cha mlinzi, ambapo Dar hakuna mtu anayepaita ghorofa, wao ndiyo ya kwanza. Fanya hesabu mwenyewe: kwa kipimo cha kwetu, mimi nalala ghorofa ya 14. Ile ile waliyoikimbia! Na kodi nalipa ya 18.

Haya, nenda sokoni. Samaki wanarukaruka kwenye beseni, kibao kimeandikwa yuan 15. Nikacheka moyoni, kilo yuan 15? Funga kilo nne. Mama muuza samaki akanionyesha kikokotoo: 120. Nikadhani amenionea ugeni, nikamwita kijana mmoja Mkongomani aliyekaa hapa miaka mingi aje kuamua ugomvi. Akanipiga begani kwa huruma. "Kaka, ile ni bei ya jin. Jin moja ni nusu kilo." Sasa nusu kilo mtu anaitafutia jina lake ili iweje? Kama si kunitega mimi?

Na ile ya jaketi bado inaniuma. Januari huku kuna baridi ambayo hakuna aliyenionya. Nikaona duka lina bango jekundu, tarakimu 9 kubwa kama gurudumu na herufi moja ya kwao pembeni. Niliwahi kuambiwa ile herufi maana yake ni punguzo. Asilimia 90! Nikabeba jaketi mbili na koti la mama. Kufika kaunta, nimepunguziwa asilimia 10. Ile 9 ndiyo unayolipa, mafungu tisa katika kumi. Duniani kote mwenye duka anaandika anachokusamehe. Hawa wanaandika anachokudai.

Ukitaka kukonda kabisa, njoo kwenye bei za jumla. Kule Dar laki ndiyo laki na milioni ndiyo milioni. Huku kila elfu kumi inaitwa wan, kwa hiyo milioni ni wan mia moja, na ukishamaliza kuibadilisha kichwani mwenye mali ameshauzia Mnigeria. Kununua ni mai. Kuuza ni mai. Tofauti ni sauti tu, ipande au ishuke. Nilizunguka wiki nzima nikiwatangazia wenye viwanda kwamba nauza viatu, nao wananiangalia mikono mitupu.

Mwenye duka akiona huelewi, anatumia vidole. Afadhali asingetumia. Kuanzia moja hadi tano tunaelewana. Sita anatoa kidole gumba na cha mwisho, mimi nikajua ananiambia nitampigia simu, nikaondoka zangu. Saba anakusanya vidole vitatu ncha kwa ncha, sawasawa na mtu anayemega ugali. Nane ni bastola: kidole gumba juu, cha shahada mbele. Tisa ni ndoana.

Juzi muuzaji mmoja alinikaribisha chai. Nikammiminia kikombe kwa adabu, akagonga meza kwa vidole viwili. Nikaruka kwa furaha. Amepunguza yuan mbili kila jozi! Nikagonga na mimi, tukagongana mpaka birika likaisha. Kuja kulipa, bei iko pale pale. Kumbe kugonga ni asante kwa aliyekumiminia chai. Nimeshukuriwa mara kumi na moja, senti haikushuka.

Sasa hayo yote ningevumilia, tatizo ni saa. Huku tuko mbele ya Dar kwa saa tano. Mama Zuhura anasubiri watoto walale, saa nne usiku, ananipigia video. Kwangu ni saa tisa usiku.

"Baba Zuhura, mbona una sauti nzito? Kuna nani hapo?"

"Kuna usingizi."

"Haya. Unarudi baada ya siku ngapi?"

Mdomo ulikuwa mzito, nikainua mkono. Kidole gumba juu, cha shahada mbele.

Kimya. Kisha nikasikia, "Mama! Mama, njoo umwone mwanao, ananitolea bastola!"

Mama akaja anafunga kanga. Nami hapo ndipo nikakumbuka: kwao bado ni jana, kwangu kumeshaingia kesho, kwa hiyo zimebaki siku saba. Nikarekebisha mkono haraka, vidole vitatu ncha kwa ncha.

Mama akasogeza uso kwenye simu, akaniangalia vizuri, akashika kifua.

"Masikini mwanangu. Si bastola hiyo. Mtoto anaomba ugali."