Si Tumelipia?

Nisingekuwepo ningesema ni uzushi. Tuko Kalacha, ukingoni mwa jangwa la Chalbi, kaskazini mwa Kenya, saa saba mchana, jua limesimama utosini. Mwenzetu mmoja, jirani yangu wa Mji wa Kale hapa Mombasa, mtu mzima na akili zake, ameteremka garini akaona raba zake nyeupe zimeshika vumbi la chumvi. Akafungua chupa ya lita moja na nusu, akaanza kuziosha. Kiatu hiki, kisha kile. Hatua kumi kutoka hapo amesimama msichana na dumu lake la manjano, anatazama maji yakinywewa na mchanga.

Dereva wetu, kijana wa Marsabit, akasema kwa adabu zote: "Mama, hayo ni ya kunywa."

"Kwani si tumelipia?"

Wiki ya pili hii tangu turudi, na neno hilo bado linanikereketa.

Safari yenyewe sina ubaya nayo. Zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa hadi Marsabit, lakini kutoka Isiolo ni lami tupu, pale ambapo zamani magari yalikwenda kwa msafara na askari wa bunduki. Marsabit ni mlima wa volkeno wenye msitu wa ukungu juu yake. Nililala na sweta na soksi, mimi ninayelala na feni Januari hadi Desemba. Huko ndiko alikoishi Ahmed, yule ndovu ambaye mwaka 1970 Mzee Kenyatta alitoa amri alindwe, akalindwa mchana na usiku hadi akafa kwa uzee 1974. (Ndovu anaitwa Ahmed. Karibu nimpe mkono wa jamaa.) Ukishuka upande wa pili, msitu unakatika, majani yanakatika, na mwisho ni uwanda mweupe usio na mwisho. Nikaona bahari mbele. Wallahi niliona bahari, na mimi bahari naijua! Kumbe mazigazi. Halafu Kalacha penyewe, chemchemi na mikoma, mikoma hii hii ya kwetu. Nilitaka kulia.

Sasa turudi kwenye raba.

Angekuwa mtu wa kwingine ningesema hajui. Lakini mtu wa Mombasa! Sisi ambao mfereji ukitoa maji tunapigiana simu. Sisi tunaomjua mwenye mkokoteni kwa sauti ya magurudumu yake, tunaopanga foleni ya mitungi alfajiri, tunaooga kwa kopo tukihesabu. Jirani huyu huyu, siku tatu baada ya kurudi, alituandikia kwenye kundi la mtaa ujumbe mrefu wa malalamiko: bili imekuja, maji hayajaja. Nilitaka kumuuliza kama hakulipia. Nikanyamaza, ujirani una heshima zake.

Na dereva alikuwa ametusimulia yote njiani. Mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020, babake alibaki na mbuzi wa kuhesabika kwa vidole. Tulisikitika sana, vichwa tukatikisa. Kisha tukateremka tukaosha viatu.

Kinachoniuma zaidi ni kuwa tunajua jinsi inavyokuwa kufanywa mandhari ya watu. Desemba ikifika, wenzetu wa bara wanateremka. Mwaka juzi mmoja alijikalia barazani kwa shangazi yangu, mgongo kwenye mlango wa nakshi, mguu juu ya kizingiti, apigwe picha. Hodi hakuna, salamu hakuna. Shangazi alipochungulia na leso yake, akaombwa asogee kidogo, anaharibu picha. Nyumba yake! "Nisogee niende wapi, mwanangu," akamuuliza, "baharini?" Tulicheka mwezi mzima. Na aliyecheka zaidi, mnaweza kukisia, ni mwenye raba.

Haya, nakubali, pesa ya mgeni inafika. Dereva analipa karo ya wadogo zake kwa safari hizi, alisema mwenyewe. Na mimi si malaika: nilimpiga picha mzee mmoja na ngamia wake kwanza, ndipo nikamwamkia. Alinitazama vile shangazi alivyomtazama yule wa barazani. Picha nimeifuta.

Mambo mengine sitayachambua: chupa tupu zilizotupwa dirishani, muziki uliofunguliwa usiku wa nyota kama zile, peremende walizorushiwa watoto kama kuku.

Agosti narudi, inshallah. Safari hii nataka kufika Loiyangalani, na nikijaliwa nipande mlima Kulal, mita 2,285, nilitazame ziwa Turkana kutoka juu. Dereva ni yule yule. Nafasi mbili zimebaki garini, na kila mtu atabeba dumu lake la lita 20. Mwenye raba nyeupe aziache nyumbani.